Yatima wa Miaka Arobaini na Nne

Jumatatu, 10 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni. Ofisi ya jiji inautaka ukumbi wetu wa mafundi cherehani. Wanataka kuweka mafaili! Wanawake ishirini na wawili tutolewe na mashine zetu ili makaratasi yapate pa kulala. Tumeruhusiwa kumtuma mtu mmoja akatutetee mbele ya kamati, Jumatano ya wiki ijayo. Mtu mmoja. Dakika kumi.

Saa nne akaingia binti mmoja na mkoba wa kitambaa. Mshono wa mkoba hovyo kabisa, lakini nilinyamaza. Ametumwa na chama cha wanawake. Anajiita mwezeshaji. Atatufanyia warsha ya kusimulia hadithi, siku tatu, kuanzia kesho, na kila mmoja wetu atasimulia jambo lililompata mwenyewe. Eti mwanamke akiweza kusimama akaeleza yake, ataweza kusimama popote. Ijumaa tutapiga kura kumchagua msemaji.

Msemaji! Nani tena kama si mimi? Sauti ninayo. Kimo ninacho. Ila Mama Zipu, yule anayetengeneza zipu pale dirishani, naye alijiweka vizuri kitini kama kuku anayetaka kutaga. Nilimwona.

Tatizo ni moja. Sina machungu. Nimeyapekua maisha yangu yote kama mfuko wa koti na sikupata kitu. Baba watoto hanipigi, halewi, vyombo anaosha. Mwanamume huyu ameniharibia hadithi!

Utoto nao ulikuwa mtamu. Mimi na Dada tulikuwa tukikaa chini ya meza ya Mama ya kukatia nguo, vipande vya vitambaa vikituangukia kichwani. Harufu ya mafuta ya mashine. Miguu ya Mama ikikanyaga, tiki tiki tiki. Jua likipungua anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anachukua gazeti, anatusomea hadithi. Mwanamke pekee mtaani petu aliyesoma magazeti! Wenzake walisengenya, Mama alisoma. Basi, nani atalia kwa hilo? Hakuna.

Itabidi nitunge.

Jumanne, 11 Juni

Siku mbaya. Niandike haraka.

Viti vilipangwa duara katikati ya ukumbi. Bila mashine mbele yetu hatukujua mikono tuiweke wapi. Mwenzetu mmoja aliikalia. Mwezeshaji akasema tusiogope, hakuna hadithi ndogo. Mama Zipu akarukia kabla sijafungua mdomo. Akasimulia siku ya harusi yake, zipu ya gauni ilivyokwama kwapani nusu saa kabla ya sherehe, mafundi watatu wakashindwa, akaitengeneza mwenyewe kwa mshumaa na pini, mkono mmoja, kwa kujitazama kwenye kioo. Ndipo alipoijua kazi yake. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Hadithi ya zipu! Na ni ya kweli, hilo ndilo linaloniudhi.

Ikafika zamu ya Dada. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, mashine yake iko ubavuni mwa yangu. Hashoni kingine ila matundu ya vifungo, mwaka wa thelathini na moja huu. Kwa siku husema maneno matano, na matatu kati ya hayo ni “ngoja niangalie mkasi”. Wateja wengine hudhani ni kiziwi. Alitazama sakafu, akaomba apitwe. Mwezeshaji akasema sawa, mama, utakapokuwa tayari.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikavuta pumzi. Nikaeleza jinsi nilivyoachwa yatima ningali mdogo, nikalelewa na shangazi katili aliyenifungia stoo na kunilisha makoko. Nilikuwa mzuri! Sauti ilitetemeka pale nilipotaka itetemeke. Dada akakohoa mara moja. Sikumjali.

Bibi Vifungo akanyoosha mkono. Huyu ndiye mkubwa wetu humu ndani, alifanya kazi na Mama enzi hizo. Akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kuelewa:

“Mwanangu, mama yenu si tulimzika juzi juzi tu? Miaka saba hii. Wewe ulikuwa na arobaini na ngapi vile?”

Na nne. Arobaini na nne. Mtu fulani, simtaji ila yuko pale dirishani, akasema basi huyo yatima alikuwa na meno yote na wajukuu wawili.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba ni fupi kiasi kile. Hata kukaa sikuwahi.

Jumatano, 12 Juni

Naitwa Yatima. Ukumbi mzima. “Yatima, niazime chaki.” “Yatima, pasi ni ya moto?” Mteja mmoja alinipa pole, akaniachia ndizi.

Leo nilibadili mbinu. Kama siwezi kupanda, basi Mama Zipu ashuke. Nilichemsha tangawizi, ndimu na pilipili zile ndogo, nyingi kuliko akili yangu. Nikatia kwenye chupa ya chai. Nikamwambia ni dawa ya sauti ya ukoo wetu, msemaji mtarajiwa anaihitaji. Alishukuru sana. Akasema nina moyo mzuri, alikuwa hajui. Akamimina vikombe viwili, kimoja akanipa, akasema, “Tangulia wewe, shoga, mwenye dawa.”

Wote walikuwa wakitazama. Ningefanya nini?

Nilikunywa.

Mchana kutwa sikuweza kutoa sauti. Zamu yangu ilipofika nilipunga mkono tu, kama Dada. Tukakaa bega kwa bega, mabubu wawili wa tumbo moja. Akanipa maji. Hakusema neno. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni. Hapana, si tangu utotoni. Sasa nakumbuka, alikuwa mtoto wa maneno mengi! Chini ya ile meza yeye ndiye aliyekuwa akimkatiza Mama kwa maswali. “Halafu ikawaje? Akamjibu nani? Mbona amenyamaza?” Mpaka Mama alimziba mdomo kwa kipande cha lastiki, kwa mzaha, sote tukacheka. Sijui maneno yale yalikwenda wapi. Sikuwahi kuuliza.

Haidhuru. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kusimulia. Nina hadithi ya mto uliofurika na mimi nimejitwika cherehani kichwani.

Alhamisi, 13 Juni

Sina hakika nataka kuandika haya.

Sauti ilirudi nusu. Mnong'ono tu, kama karatasi inayoburuzwa. Hadithi ya mto haisimuliwi kwa mnong'ono. Mto wenyewe ulihitaji makelele. Nami nilikuwa nimechoka, koo linawaka, na kusema uongo kwahitaji koo zima. Mwezeshaji akatuambia leo kila mmoja amtaje mtu aliyemfungua mdomo. Nikasema basi, nitasema kidogo nikae.

Nikasema Mama. Nikasema meza, vitambaa, gurudumu linavyosimamishwa kwa kiganja. Kwa kuwa sikusikika, viti vilianza kusogea. Kimoja, kingine, mpaka duara likawa dogo na nyuso zote ziko karibu. Nikawaeleza ile hadithi ya mwanamke aliyekuta barabara imechanika, akatoa sindano akaanza kuishona kuanzia upande wake, huku upande wa pili watu wakimcheka. Mama alitusomea hiyo gazetini wiki nzima, kipande kipande. Nikasema mama yangu alikuwa msomi, na mimi mdomo huu nimeupata kwa mama msomi.

Nikajua nimeshinda. Nusura nifurahi.

Ndipo Dada akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto:

“Mdogo wangu, Mama hakujua kusoma.”

Nilidhani anatania. Dada hatanii.

Akaendelea taratibu, huku akisokota uzi kidoleni. Alikuwa na miaka tisa, mimi sita. Alikuwa amejua kusoma shuleni mwaka ule. Jioni moja alitoka chini ya meza, akasimama nyuma ya Mama ili aone picha za ile hadithi. Karatasi aliyoshika Mama ilikuwa moja ya zile za magazeti makuukuu alizokatia vipimo vya nguo, mgongo wa gauni la mtoto, pale pa mkono pana tundu kubwa. Maandishi yaliyobaki yalitangaza matairi. Na yalikuwa kichwa chini. Mama alikuwa amefika pale barabara inapoanza kukazwa na uzi. Akahisi mtu nyuma yake. Akageuka, wakatazamana. Hakuacha. Alimaliza mpaka mwisho, ila sauti ilitetemeka. Mimi nilipolala akamwita Dada akamwuliza, “Nimesoma vizuri?”

“Nikamwambia, umesoma vizuri sana, Mama,” alisema Dada. “Kuanzia hapo nikaogopa mdomo wangu. Nilikuwa mtoto wa kuropoka, nyote mnamjua mtoto wa namna ile. Nikajizoeza kunyamaza ili siri isije ikaniponyoka. Mama akazeeka, akafa, na mimi nikasahau kuacha.”

Mwezeshaji alisahau daftari lake sakafuni. Mama Zipu alilia kama bomba.

Mimi? Nilikasirika! Amenichukulia mama yangu mbele za watu. Mama ni hadithi yangu, niliianza mimi!

Nimefika nyumbani nimelivuta sanduku la Mama. Vipimo vyake vyote vimo, nilivirithi mimi. Mgongo wa gauni la mtoto nimeupata. Matairi kweli. Nimeushika kama alivyokuwa akiushika, nikajaribu kusoma. Kwenye tundu la mkono niliona goti langu. Miaka yote nimekatia nguo kwa karatasi hizi na sikuwahi kuzitazama!

Barabara ile, yule mwanamke, wale waliomcheka. Vyote vilitoka kichwani mwake, miguu imevimba kwa kukanyaga mashine kutwa nzima.

Baba watoto akauliza mbona nalia. Nikamwambia ni pilipili ya jana.

Ijumaa, 14 Juni

Kura. Vikaratasi kwenye kopo la bobini za uzi.

Dada kumi na sita. Mama Zipu nne. Mimi mbili.

Moja yangu. Ya pili ina herufi ndogo zilizobanana, sawasawa kama ukingo wa tundu la kifungo. Alinipigia mimi! Mjinga yule. Kura yake mwenyewe!

Dada akasema hataweza, miguu haitambeba. Wenzetu wakasema watambeba wao. Akakubali kwa kutikisa kichwa.

Nikainuka upesi nikatangaza kwamba nitamfundisha. Nani ajuaye zaidi? Wakanipigia makofi. Hawajui niliyo nayo moyoni. Dada atasimama mbele ya kamati, ulimi utamkauka, nami nitainuka nyuma yake kama mwokozi. Nimeanza kujishonea gauni la bluu.

Jumapili, 16 Juni

Dada amekuja kwangu kufanya mazoezi. Nilimpa mashauri ya kumwangusha. Asiwatazame watu, atazame dari. Atumie maneno makubwa makubwa, mfano “kwa mustakabali wa mustakabali”. Aanze kwa kuomba radhi mara tano.

Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akauliza kama nakumbuka barabara iliishaje. Nikasema iliisha imeshonwa. Akasema hapana, hivyo ndivyo ilivyoisha Jumamosi. Jumapili Mama aliongeza. Yule mwanamke alipofika katikati uzi ulimwishia, wale waliomcheka wakafumua mapindo ya nguo zao wakamrushia nyuzi, mpaka leo watu wa upande ule wanavaa nguo zisizo na pindo. Nilikuwa nimesahau kabisa! Nilisinzia siku hiyo, akasema Dada, kichwa changu kilikuwa mapajani mwake.

Tukatoa moja, tukatoa nyingine. Mbuzi aliyekula futi ya kupimia, akawa anajua urefu wa kila kitu. Bwana harusi aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja. Tulicheka mpaka nikashika ubavu. Baba watoto akachungulia, akadhani kuna wageni. Dada alimweleza ya mbuzi yote, kuanzia mwanzo, na mikono ikieleza pamoja naye.

Nilimtazama. Mikono ile ni ya Mama. Kidole gumba kinavyosimama pembeni.

Mazoezi hatukufanya. Afadhali. Hatakuwa tayari.

Gauni limebaki mshono wa mgongoni. Nimeupitisha mashineni mara moja tu, muda hakuna.

Jumatano, 19 Juni

Kamati. Chumba cha ghorofa ya tatu, feni inayolia, meza ndefu, maofisa watatu na glasi moja ya maji ambayo hakuna aliyeigusa. Sisi mafundi tulikaa nyuma. Mimi mstari wa mbele, bluu tupu. Mama Zipu nyuma yangu.

Dada akaitwa. Akasimama. Akatazama dari! Nilishangilia kimoyomoyo. Mkubwa wao akatazama saa. Dakika nzima ikapita. Mikono ya Dada ilitafuta mashine pasipo na mashine.

Sasa! Nikainuka.

Mgongo ukaachia. Trrrr! Kutoka shingoni mpaka kiunoni. Nikahisi feni yote. Mkono ukanivuta nikakaa, na Mama Zipu akanong'ona, “Tulia, shoga, nina pini.” Alinishikilia hivyo mpaka mwisho, ngumi mbili mgongoni, sikuweza hata kugeuka.

Lakini ule mlio Dada aliusikia. Fundi yeyote angeusikia. Akageuka, akaniona, akaelewa nilitaka kufanya nini. Yote. Najua alielewa. Akatabasamu! Kisha akawageukia maofisa, akawatazama machoni mmoja mmoja.

“Mmesikia?” akasema. “Huo ni mshono wa haraka. Ndugu yangu ni fundi mzuri, ila alikuwa na haraka.”

Wakacheka. Wote watatu! Nilitamani sakafu inimeze.

“Mimi kazi yangu ni matundu ya vifungo,” akaendelea. “Tundu la kifungo ni kuikata nguo nzima, nzuri, kwa makusudi. Ukikosea, umeharibu kazi ya wenzako wote, aliyekata, aliyeshona, aliyepiga pasi. Kwa hiyo sikati kabla sijapima. Waheshimiwa, nyinyi mmetukata. Nauliza kwa heshima tu. Mlikuja kupima?”

Mkubwa wao akafungua faili. Akalifunga. Akakiri hakuna aliyefika ukumbini. Dada akawaeleza basi ukumbi ulivyo, kama anavyoeleza mtu aliyekaa chini ya meza. Dirisha gani huingiza jua la asubuhi, mashine gani iliachwa na mama kwa binti, nani alijifunza kuandika jina lake kwa uzi mwekundu kabla ya kalamu. Hakuomba. Hakulia. Dakika zikawa ishirini na mbili na hakuna aliyetazama saa. Mwishoni akawakaribisha Jumatatu waje wenyewe, na yeyote mwenye kifungo kilicholegea aje nacho.

Kwenye ngazi wenzetu walimzunguka wakipiga vigelegele. Mimi nilishuka kwa ubavu, mgongo ukutani. Alinisubiri chini. Akavua mtandio wake akanifunika mabegani. Nilingoja aseme kitu. Akasema gauni hili rangi imenikubali, nimletee alishone upya.

Nikamwambia asante. Mimi!

Jumatatu, 24 Juni

Wamekuja. Wamepima kwa macho yao. Mkubwa wao alikaa kwenye stuli karibu na Dada nusu saa, kifungo cha koti kikishonwa, akisikiliza habari za mbuzi na futi. Saa sita tangazo lilibanduliwa mlangoni. Mafaili yatapelekwa kwingine. Wenzetu walicheza kati ya mashine, Bibi Vifungo akiwa mbele.

Dada sasa ni mwenyekiti wetu. Na anaongea! Anaongea akifungua mlango, anaongea akitia uzi, anawakatiza wateja. Maneno ya miaka arobaini na mitano yote yanatoka pamoja. Leo nilimwambia anyamaze nihesabu nukta za chaki kwenye mkono wa koti. Akachukua kipande cha lastiki akajiziba nacho mdomo, akanitazama. Nililazimika kwenda nje kidogo. Vumbi.

Nimewaeleza wateja watano kwamba ushindi ni kazi yangu. Nisingechana gauni, asingepata pa kuanzia. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesikia pia, Dada alikuwa anaongea.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekaa na kutafakari kama mtu mzima. Nimejifunza. Nilikosea wapi? Si uongo. Uongo ulikuwa safi. Kosa ni kusimulia maisha yako mbele ya watu mliozaliwa nao tumbo moja.

Na bahati haikawii! Mwezeshaji amesema wiki ijayo anafanya warsha nyingine, upande wa pili wa mji, kwa wanawake watengeneza sabuni. Nao watachagua msemaji. Hakuna hata mmoja anayenijua. Nimempigia simu kwa sauti nyembamba nikajiandikisha kama mtengeneza sabuni. Sijawahi kutengeneza sabuni. Leo nimejaribu, sufuria limetoboka na baba watoto hana nyusi. Lakini hadithi iko tayari, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mtoto wa pekee, sina dada, nililelewa na povu.

Jioni hii mwezeshaji amepiga tena. Amefurahi mno. Ameshampata mgeni wa heshima wa kufungua warsha, mwanamke mwenye kipaji cha ajabu, awape wenzake moyo. Fundi wa matundu ya vifungo. Atakaa nasi duarani siku zote tatu.

Nimewaza kidogo tu. Nitavaa miwani. Hatanijua.